Tumbo la Mzee Vagheni

"Onja kwanza weye," alisema shangazi Emérence. "Onja mbele ya batu bote."

Élise alikuwa bado amepiga magoti kando ya meza, beseni la kunawia mikononi. Alidhani amesikia vibaya. Mezani palikuwa na obundu, ugali wa muhogo, uliokuwa ukitoa moshi, sombe la majani ya muhogo na mawese, na samaki wa ziwani Kyavinyonge aliyemnunua mwenyewe asubuhi kabla ya misa, akibishana na muuzaji mpaka sauti ikamkauka, kwa kuwa baba mkwe wake alimpenda samaki yule kuliko nyama yoyote. Wageni walikuwa sita, wote watu wa ukoo, wote wametoka kanisani. Hakuna aliyemtazama usoni. Josaphat, mume wake, alikuwa akiangalia simu ambayo haikuwa imelia.

"Nionje nini, shangazi?"

"Chakula. Ni weye ulipika, ao ni mimi?"

Kuonja si jambo geni Butembo. Mwenye pombe hunywa kwanza, mgeni akamwona, roho zikatulia, watu wakaendelea na soga. Lakini mkamwana kuamriwa aonje sahani ya baba mkwe, Jumapili mchana, mbele ya ukoo mzima! Jamani, hapo mtu amekwisha kuhukumiwa, kilichobaki ni kumsomea hukumu tu. Élise alimega tonge, akachovya katika sombe, akameza. Alimega la pili, na kipande cha samaki, akameza tena, kisha akafungua kinywa kama mtoto aliyepewa dawa, ili waone kwamba hakuficha kitu shavuni.

"Inatosha," alisema mzee Vagheni. "Munamupatisha mutoto wa batu haya bure. Lete hapa."

Mzee alikuwa amekauka, mashavu yameingia ndani, koti la misa likimning'inia mabegani. Krismasi koti hilohilo lilikuwa linambana. Alivuta sahani, akala. Alikula tonge baada ya tonge mpaka samaki akabaki miiba, na Élise alielewa kwamba mzee anakula kwa ajili yake, ili watu waone kwamba anamwamini. Alimshukuru moyoni mpaka machozi yakamlenga.

Nusu saa haikutimia. Mzee Vagheni aliacha kuongea katikati ya neno, akashika tumbo kwa mikono miwili, akainama mpaka paji la uso likagusa meza. Jasho lilimtoka kichwani, yeye asiyetoka jasho hata akilima. Hakupiga kelele. Alikuwa akivuta pumzi kwa meno, kama mtu anayechomwa sindano isiyokwisha.

"Si munaona?" alisema Emérence, amesimama. "Munaona na macho yenu?"

"Mais na yeye alikula," Josaphat alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Mwenye kuweka sumu anakunywaka dawa ya kuikinga mbele ya kuonja. Unazani ni mujinga?"

Élise alingoja mume wake ajibu. Alingoja mpaka wageni walipoanza kutafuta viatu vyao mlangoni.

*

Lisemwalo lipo, na kama halipo liko njiani laja. Hili lilikuwa limekuja polepole, tangu mwezi wa pili, mzee alipoanza kulalamika tumbo. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa ya minyoo. Mara ya pili wakasema ni vidonda vya tumbo, wakampa unga mweupe wa kukoroga katika maji. Hakuna kilichobadilika. Akila, tumbo linamshika, linamkamua saa nzima, wakati mwingine mbili, kisha linamwachia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na mtu ambaye chakula kinamuuma, swali la kwanza ni nani anayempikia. Aliyempikia mzee Vagheni alikuwa Élise, binti wa mwalimu Mukendi wa kule Beni, mtu wa Kasaï aliyeletwa na kazi ya serikali, akabaki. Huko Bulengera, kwenye kilima cha akina Vagheni, wakamwana wote walikuwa Wanande isipokuwa yeye. Mwaka wa kwanza walimwita mugeni kwa utani. Sasa utani ulikuwa umekwisha, neno likabaki.

Shangazi Emérence alikuwa dada mkubwa wa mzee, mjane, akikaa peke yake upande wa pili wa bonde. Hakuwa mtu mbaya. Alimlea Vagheni mama yao alipofariki, akambeba mgongoni naye mwenyewe bado mtoto, na kumwona anayeyuka mbele ya macho yake kulimtia wazimu wa hofu. Baada ya Jumapili ile alisema ndugu yake hatakula tena kwa Josaphat. Kila adhuhuri mzee alishuka bondeni na kupanda kwa dada yake, akisimama mara mbili njiani kushika vigimbi vya miguu vilivyokuwa vinamuuma, akiwasha sigara wakati anangoja vipoe. Kule alipewa kikombe cha uji wa sosoma, unga wa mtama, soya na mahindi, na ndizi moja. Emérence alikuwa maskini, hakuwa na zaidi ya hicho.

Na mzee hakuumwa.

Loo, habari hiyo ilivyokimbia! Kisimani, sokoni, mlangoni kwa kanisa. Kwa dada yake anakula, haumwi. Kwa mkamwana anakula, anakufa. Unataka ushahidi gani tena? Mwanamke mmoja jirani, ambaye kila siku alikuwa akimwomba Élise moto wa makaa, alianza kuomba mbali zaidi.

Élise alikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka, akakiomba asubuhi na jioni akifunga macho: mzee apone, na kwa kinywa chake mwenyewe aseme si yeye. Maneno ya wengine angeweza kuyabeba. La mzee asingeweza. Huyu ndiye aliyemfundisha kusema wasingya, yaani asante kwa Kinande, siku ya kwanza alipoingia katika nyumba ile, na ndiye aliyewaambia watu wote wamwache amwite tata, kama anavyoitwa na watoto aliowazaa.

*

Basi akaanza kuangalia. Mtu asiyeaminiwa hujifunza kuangalia. Aliona kwamba kwake yeye sahani ya mzee ilikuwa mlima. Alikuwa akimjazia kwa heshima, kwa sababu kwao Kasaï baba mkwe hapewi sahani ambayo mtu anaiona chini. Na aliona kwamba siku ya komunyo ya kwanza ya mtoto wa jirani, mzee alipokula wali na mbuzi wa watu wengine kabisa, alishikwa vilevile nyuma ya bâche, turubai la wageni, amejificha. Watu walisema Élise alipita karibu na sufuria.

Siku moja mzee hakuweza kushuka bondeni, miguu ilikataa. Élise alimletea nusu bakuli ya maharage laini, na obundu kidogo kama ngumi ya mtoto.

"Tata, tujaribu hivi. Kidogo asubuhi, kidogo saa sita, kidogo magaribi. Minaona ukikula mingi njo inakuuma. Ukikula kidogo, hapana."

Mzee alitazama bakuli. Alikuwa amekaa barazani juu ya gunia la kahawa, sigara katikati ya vidole vilivyogeuka rangi ya manjano tangu ujana wake. Kando yake palikuwa na karatasi ya vidonge vya tension, shinikizo la damu. Alivimeza akiumwa kichwa, akavisahau akijisikia vizuri.

"Élise," alisema. "Mi hapana sema ni weye. Nasikia banavyosema, mi hapana sema. Lakini tumbo yangu inaogopa mukono yako. Nitaifanya nini? Tumbo haina adabu."

"Basi kula kidogo tu, tata. Mbele yangu. Tuone."

Alikula yote. Walikaa pamoja, Elikia, mtoto wa Élise, akicheza na maganda ya maharage miguuni pao. Nusu saa ikapita. Saa moja ikapita. Mzee aliweka mkono juu ya tumbo, akasikiliza, akamtazama mkamwana wake, na kwa mara ya kwanza tangu miezi alicheka.

"Iko kimya," alisema.

Élise alitaka kupiga vigelegele. Lakini jioni ile Emérence alipanda, akaona bakuli, akauliza mzee amekula nini, akaambiwa.

"Nusu bakuli? Mutu muzima, baba wa nyumba, nusu bakuli?" Aligeuka kwa Josaphat aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka dukani kwake, ambako aliuza vipuri vya pikipiki. "Muke yako ameona sumu inachelewa, sasa anamuua na njaa. Na weye unaangalia."

"Shangazi, haikumuuma leo," alisema Élise. "Muulize yeye mwenyewe!"

"Minaongea na mutoto ya ndugu yangu."

Josaphat alipangusa mafuta mikononi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Alikuwa mtu mpole. Upole wake ndio uliomfanya Élise amkubali, na ndio uliokuwa unammaliza sasa.

"Mama Elikia," alisema, "umuwekee kama zamani. Batu basiseme."

Kesho yake alimwekea kama zamani. Mzee alikula theluthi, akaumwa, akaacha. Tangu siku hiyo akaanza kuogopa sahani yenyewe. Ikiletwa, aligeuza uso ukutani.

*

Mganga Kasonia alikaa upande wa Kalunguta, nje ya barabara kubwa inayokwenda Beni. Alijulikana kwa kutoa sumu. Walioletwa kwake migongoni, walisema watu, walirudi kwa miguu yao. Na wasiorudi, hakuna aliyewahesabu.

"Mbele tumupeleke kwa hôpital kubwa," Élise alimwambia mume wake chumbani. Alikuwa amemshika mkono. "Bamupime vizuri. Papa Elikia, nakusihi. Kama kule banaona sumu, mimi mwenyewe nitakwenda kwa polisi na miguu yangu."

"Ukisema hôpital, bao batasema unaogopa Kasonia atakuonyesha."

"Na weye unasema nini?"

"Mi nasema tufanye vile shangazi anataka, mambo iishe."

Hakusema anaamini. Hakusema haamini. Walikwenda kwa pikipiki mbili, mzee katikati ya Josaphat na dereva, Emérence nyuma yao kwenye ya pili, akiwa amefunga kilemba cha kanisa. Élise aliambiwa abaki. Mwenye kosa akiwapo, dawa haishiki.

Yaliyotokea kule aliyajua baadaye, kipande kipande. Kasonia alimpa mzee kikombe cha maji ya mizizi, meusi, machungu. Alitapika mpaka akatoa nyongo. Akapewa tena. Siku ya pili akapewa kingine cha kushusha chini, akaendesha mpaka hakuweza kusimama. Maji alikatazwa, kwa sababu maji, alisema Kasonia, huipa sumu nguvu. Vidonge vya tension alikatazwa pia. Siku ya tatu mganga alitoa ndani ya beseni kitu kidogo cheusi, kama uzi uliofungwa mafundo, akakiinua kwa kijiti.

"Ni hii," alisema. "Mwanamuke njo aliiweka."

Emérence alilia kwa furaha. Alimlipa dola arobaini na jogoo. Mzee Vagheni alilala juu ya mkeka, midomo imepasuka, macho makavu, akauliza kama sasa anaweza kunywa maji.

Asubuhi ya nne, bado wako kule, alipiga ukelele mmoja. Josaphat alisema hajawahi kusikia sauti ile kwa baba yake, hata siku waliyomzika mama. Mzee alisema tumbo linakatwa. Emérence aliligusa, lilikuwa laini, tepetepe, halina kitu cha kushika, na hata hivyo mzee alijipinda na kuuma kitenge cha dada yake. Kasonia alisema sumu inaaga. Saa sita mchana hakuwa na sababu nyingine ya kutoa, akawaambia wamwondoe kwake.

*

Habari zilipomfikia, Élise aliwakuta hospitalini Butembo, Elikia mgongoni. Emérence alimzuia mlangoni kwa mkono.

"Hapa hapana ingia."

Alisimama nje, mahali ambapo mlango ulibaki wazi kidogo. Daktari alikuwa kijana, docteur Hénock, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Alibonyeza tumbo la mzee, akalisikiliza, akabonyeza tena. Alikunja uso kwa namna ya mtu anayekuta hesabu haikubali.

"Inauma mingi hivi, na tumbo ni laini," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha akainua kichwa. "Nani anamupikia mugonjwa?"

Josaphat alitazama sakafu. Emérence alitazama mlango.

"Nauliza, nani anamupikia huyu mzee?"

Élise alidhani saa imefika. Aliwaza polisi, akawaza Elikia atabaki na nani, akasukuma mlango.

"Ni mimi, docteur."

"Bon. Kuja karibu, weye njo utanisaidia. Hii maumivu, ilianza lini?"

Élise hakuamini masikio yake. "Mwezi wa pili."

"Inamushika saa gani?"

"Kisha kula. Nusu saa, wakati mwingine chini ya hapo. Akikula kidogo haimushike. Akikula mingi, inamushika. Ata kama ni chakula ya batu bengine."

"Amekonda?"

"Sana. Siku hizi anaogopa chakula. Akiona sahani anageuka."

"Anavuta?"

"Tangu kijana. Pakiti moja kwa siku, siku zingine inapita."

"Tension?"

"Iko nayo. Vidonge anakunywa akikumbuka."

"Akitembea, miguu inafanya aje?"

"Inamuuma huku nyuma, kwa vigimbi. Anasimama mara mbili kwenye mulima, kisha inaacha."

"Miaka ngapi?"

"Makumi saba na moja."

Docteur Hénock aliweka kalamu chini. Alimtazama yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni, aliyeyaona yote na kuyakumbuka yote.

"Mama, weye uliona vizuri kuliko sisi. Juu ya nini hamukumuleta mbele ya leo?"

Ee Mungu, angemjibu nini? Alivuta kitenge cha mtoto, akakaza fundo.

Daktari aliwaeleza taratibu, kwa sababu aliona hawamwelewi. Tumbo nalo linakula, alisema, linakula damu. Mtu akimeza chakula, utumbo unaanza kazi, unataka damu nyingi, kama vile mguu unavyotaka damu ukipanda mlima. Sasa mishipa inayopeleka ile damu, sigara za miaka hamsini zimeipaka uchafu ndani, tension isiyotibiwa imeikomaza, uzee umeongeza wake. Imekuwa myembamba. Kwa chakula kidogo, damu inatosha. Kwa sahani kubwa haitoshi, utumbo unalia. Ndiyo maana aliumwa. Miguu yake ilikuwa inasema jambo lilelile.

"Donc hakuna sumu?" aliuliza Josaphat.

"Sumu gani?"

"Mais tuliitoa," alisema Emérence. "Tuliiona! Alimutapisha siku tatu, akamuharisha, ikatoka nyeusi."

"Siku tatu? Alikunywa maji?"

"Alimukataza."

Docteur Hénock alifunga macho kidogo. Alipoyafungua hakupandisha sauti, na labda ingekuwa nafuu kama angeipandisha.

"Mutu wa mishipa kama hii, ukimukausha maji, damu yake inakuwa nzito. Inaganda mulemule kwenye njia ndogo iliyobaki. Inafunga. Nitamufungua tumbo sasa hivi. Hapana niulize kama atapona, sijui."

Josaphat alikwenda kutafuta pesa ya kuingilia chumba cha upasuaji; aliacha pikipiki yake rehani kwa mtu, akarudi anatembea. Emérence alikaa chini sakafuni, miguu imenyooka mbele, kama wanawake wanavyokaa kwenye msiba. Élise alikaa benchi. Baina yao palikuwa na nafasi ya watu watatu, na hakuna mgonjwa mwingine aliyethubutu kukaa pale.

Haikuchukua muda. Watu wanaojua hospitali wanajua kwamba operesheni ikiwa fupi mno, si habari njema. Docteur Hénock alitoka na kofia mkononi.

"Utumbo umekufa," alisema. "Karibu wote ni mweusi. Nimefunga tu. Akiamka, mukae karibu naye. Ni saa chache."

*

Aliamka jua likiwa bado juu. Walikuwa watatu kuzunguka kitanda: Emérence kichwani, Josaphat miguuni, Élise kando. Safari hii hakuna aliyemzuia.

Mzee Vagheni alitafuta kwa macho mpaka akampata.

"Élise."

"Niko hapa, tata."

"Kuja."

Alipiga magoti. Mkono wa mzee ulikuwa baridi, mwepesi kama wa Elikia.

"Tata, sikiliza. Docteur ameona ugonjwa. Ni mishipa. Haikuwa..."

"Wacha," alisema mzee. Kila neno alilipandisha kwa shida. "Mi hapana chuki. Ata kama ni weye ulinipa, nimekusamehe. Bote basikie. Basikuguse. Nimekusamehe, mutoto yangu."

Élise alimtazama Emérence. Sema, alimwomba kwa macho, weye ulisikia, weye atakuamini, mwambie ndugu yako. Emérence alikuwa amefunika mdomo kwa pembe ya kitenge. Alitikisa kichwa, machozi yakimtoka, akimwomba naye kitu, na Élise alikielewa vizuri sana: usiniseme. Usimwache afe akijua ni mimi niliyempeleka kwa Kasonia.

"Papa Elikia," alisema Élise. Josaphat alikuwa akilia juu ya miguu ya baba yake, hakuinua uso.

"Umekubali?" mzee aliuliza. Alikuwa na wasiwasi sasa, pumzi inakatika. "Sema umekubali, nilale."

Angeweza kukataa. Haki ilikuwa yake, daktari alikuwa chumba cha pili. Lakini alimwona mzee akining'inia kwenye jibu lake, akimngoja yeye tu, na alimpenda. Alimpenda mzee yule kuliko jina lake mwenyewe.

"Wasingya, tata," alisema.

Uso wa mzee ulilegea. Alikufa kabla ya magharibi.

*

Matanga yalijaa. Waliweka bâche tatu, na bado watu walisimama juani. Siku ya pili, baada ya mazishi, wanawake wazee waliomzunguka Emérence walimuuliza lile swali linaloulizwa kila msiba: mwisho alisema nini?

Élise alikuwa anapita na sahani. Alisimama.

Emérence alikuwa amezeeka katika siku mbili, ngozi ya shingo imeshuka. Docteur alimwambia, alimwambia mara mbili. Kinywa chake kilifunguka, kikafungika, kikafunguka tena.

"Alimusamehe muke wa Josaphat," alisema.

"Na yeye alijibu nini?"

"Alishukuru."

Yote mawili yalikuwa kweli. Wanawake waliitikia mmm, kwa pamoja, wakamtazama Élise bila hasira. Ni kutazamwa kwa huruma kulikomchoma. Aliweka sahani chini.

"Shangazi, sema na maneno ya docteur."

"Mutoto yangu, imekwisha. Ndugu yangu amelala. Tusifufue maneno."

"Basi nitayasema mimi." Sauti yake ilipanda, wanaume kwenye bâche nyingine wakageuka. "Hakuna sumu! Ilikuwa mishipa ya tumbo, ilikuwa sigara na tension, na kule Kalunguta bakamukausha maji siku tatu! Muulize docteur. Mimi nilisema wasingya juu alikuwa anakufa. Alikuwa anakufa, na alitaka nijibu!"

Mzee mmoja alikohoa. Mwanamke mmoja aliokota sahani aliyoiweka chini, akaipanguza vumbi. Élise alimtafuta mume wake katika umati, akamwona anakuja, akinyoosha mkono, na kwa kitambo kidogo alifikiri anakuja kusimama kando yake.

"Mama Elikia," Josaphat alimnong'onezea, "ikala. Batu banaangalia. Si balikwisha kukusamehe?"

Aliketi.

*

Siku ya tatu baada ya mazishi alifika Beni, Elikia mgongoni, begi moja begani. Baba yake, mwalimu Mukendi, alikuwa uani na rundo la madaftari ya wanafunzi, kalamu nyekundu mkononi. Alisimama haraka, kwa kuwa maneno ya Butembo yalikuwa yamemfikia, naye siku mbili nzima alikuwa amekaa tayari kwa mabaya.

"Balikufukuza?"

"Hapana, papa. Balinisamehe."

Mukendi alivuta pumzi. Alimtoa mtoto mgongoni, akambusu, akamweka chini. Kisha akarudisha macho kwa binti yake, akakunja uso.

"Balikusamehe kosa gani?"

Kati ya watu wote wale, huko kote alikotoka, hakuna aliyemuuliza swali hilo. Élise alijaribu kulijibu. Alikaa chini kwenye kizingiti, begi bado begani, akalia, na baba yake akabaki amesimama mbele yake akingoja kuambiwa.